Alama za Vidole Kwenye Manyoya ya Kong

Kwa miaka 11 nilijua kwamba King Kong hakufa. Nilijua kwa sababu nilikuwepo.

Ilikuwa Temeke, kwenye kibanda umiza cha jirani yetu: mabati pande zote, mabenchi yaliyotuchania kaptula, televisheni ya chogo na deki ya video iliyopigwa kofi kila mkanda ulipokwama. Pembeni alikaa mtafsiri na maikrofoni yake, kijana aliyejua Kiingereza cha kuungaunga na Kiswahili cha kumwaga. Mkanda ulikuwa ule wa mwaka 1976 wa Dino De Laurentiis, ambao sokwe anapanda majengo pacha ya World Trade Center. Kong amefika juu kabisa, helikopta zimeanza kumzunguka, na umeme ukakatika.

Tukaanza kudai hela zetu. Mtafsiri akasimama gizani, bila maikrofoni, akatumaliza kwa mdomo. Kong akaidaka helikopta moja, akaidandia kama mtu wa Mbagala anavyodandia daladala saa 12 jioni, rubani akaogopa mpaka akatii, wakapita juu ya bahari hadi kisiwani kwao. Tulipiga makofi. Kaka yangu aliyenitangulia kwa miaka mitatu alinipeleka nyumbani akiwa amenibeba mgongoni, na njia nzima mimi nilikuwa Kong naye alikuwa helikopta.

Nilipofika miaka 20 nikakikuta kitabu kwenye lami pale Posta, kati ya kamusi zilizochoka na vitabu vya hesabu vya Advansi. Shilingi 2,000 baada ya kuvutana. Kiliandikwa na Delos W. Lovelace, na jalada lilisema hadithi imebuniwa na Edgar Wallace na Merian C. Cooper. Nilidhani ni kitabu kilichotungwa baada ya filamu, kama vile vinavyouzwa siku hizi ili kuvuna kilichobaki. Kumbe kilitoka Desemba 1932, na filamu yenyewe ilionyeshwa kwa mara ya kwanza New York tarehe 2 Machi 1933. Watu wa kwanza kukutana na Kong walikutana naye kwenye karatasi.

Lovelace alikuwa mwandishi wa magazeti aliyefahamiana na Cooper, mtengenezaji wa filamu ile, tangu walipofanya kazi pamoja kwenye gazeti moja huko Minneapolis. Aliandika kutokana na hati ya filamu ambayo ilikuwa bado inakorogwa, ndiyo maana kitabu chake kina vitu visivyomo kwenye picha. Meli inaitwa Wanderer, kwenye filamu ni Venture. Na kuna lile korongo. Mashabiki wa filamu hii wakikutana hawachukui dakika tano kabla ya kulitaja: mabaharia wanaotikiswa na Kong kutoka kwenye gogo wanaangukia shimoni, na humo buibui na wadudu wakubwa wanawamaliza mmoja mmoja. Tukio hilo lilipigwa picha, kisha Cooper mwenyewe akalikata kwa kuwa lilikuwa linasimamisha hadithi. Mkanda wake haujaonekana tena. Peter Jackson, aliyeitengeneza upya Kong mwaka 2005, alikaa akalibuni tukio hilo kwa mbinu za kizamani kutokana na picha na michoro iliyosalia, mtu mzima mwenye pesa zake akicheza na buibui wa mpira. Mimi nilikuwa nalo tayari kwa shilingi 2,000.

Basi, nikafika ukurasa wa mwisho. Kong akafa.

Nilikwenda kwa kaka nikamwonyesha. Akasoma mistari mitatu, akanirudishia. "Hicho kitabu kimekosea," akasema, akaendelea kula.

Ugonjwa wangu ulianzia hapo. Tangu wakati ule nimesoma karibu kila nilichoweza kupata juu ya filamu ile ya 1933, vitabu kwa makala, vingine vikiletwa na binamu yangu wa Toronto ambaye kila akija Desemba hulalamika kwamba wenzake wanaagizwa simu na yeye anaagizwa matofali. Filamu yenyewe inachukua saa moja na dakika 40. Vilivyoandikwa juu yake vinaweza kukujazia kabati, na vingi havina maana. Kuna vitabu vya picha ambavyo ukiondoa picha unabaki na matangazo. Kuna vitabu vya wasomi ambavyo sokwe haonekani kabisa, anafunikwa na maneno mazito hadi miguu. Lakini vipo vichache ambavyo nimevisoma mpaka vimeanza kuachia kurasa.

Kinachoongoza ni cha Orville Goldner na George Turner cha mwaka 1975 juu ya jinsi filamu ilivyotengenezwa. Sababu ni moja tu: Goldner alikuwa mmoja wa mafundi. Hakusimuliwa. Alipoandika juu ya gundi, ni gundi aliyoishika.

Kwa msomaji ambaye hajui, mnyama yule aliyetisha dunia alikuwa mwanasesere wa kama sentimita 46. Ndani yake kulikuwa na mifupa ya chuma yenye viungo vinavyokunjika, juu yake misuli ya mpira na sponji, na nje ngozi ya sungura. Aliyemuumba kwa mikono ni Marcel Delgado, na aliyempa uhai ni Willis O'Brien, bingwa ambaye mwaka 1925 alikuwa ameshatembeza dainosari kwenye filamu nyingine. Kazi ilikwenda hivi: unamsogeza mwanasesere kidogo, pengine upana wa ukucha, unapiga picha moja. Unasogeza tena, unapiga tena. Sekunde moja ya sinema inataka picha 24. Kong akitembea hatua tatu, fundi amekwisha shinda siku nzima chini ya taa kali. Inasimuliwa kwamba kati ya mimea halisi waliyoipandikiza kwenye msitu wao wa mezani kulikuwa na ua ambalo halijachanua. Wakapiga picha kutwa, na walipoitazama kazi yao ua likafunguka mbele ya macho yao kwa kasi ya ajabu huku dainosari wakipita taratibu. Siku nzima ikapotea. Mimi ningeliacha ua lipite.

Jambo lililonifanya nimpende Goldner ni manyoya. Ukiitazama filamu ile kwa makini utaona manyoya ya Kong yanatikisika muda wote, yanasimama, yanalala, yanageuka, hata pale ambapo Kong ametulia. Upepo haupo. Ni vidole. Kila fundi aliposhika mkono au bega ili kulisogeza, aliyavuruga manyoya, na kila picha ikahifadhi mvurugo wake. Mafundi waliogopa watafukuzwa kazi. Wakubwa wa kampuni ya RKO walipotazama, wakasifu: tazameni, Kong kakasirika hadi nywele zimemsimama! Siku niliposoma habari hiyo niliirudia filamu usiku ule ule kwenye kompyuta ya kazini, na tangu hapo siwezi kuacha kuviona vile vidole. Vipo kila mahali. Kwenye kifua anapokipiga, kwenye shingo pale anapougusa mwili wake na kuona damu, kwenye mkono unaomweka yule msichana aliyemteka chini taratibu kabla ya kuanguka. Watu waliokwisha kufa zamani wanampapasa sokwe mbele yako.

Sasa ona ubishi uliozuka. Mwaka ule ule wa 1933 jarida moja la ufundi lilichapisha mchoro wa kueleza "siri" ya filamu, ukionyesha mtu ndani ya vazi la sokwe akipanda jengo la bandia. Uongo mtupu, lakini wenye mchoro mzuri, na mchoro mzuri una nguvu. Miaka ya 1970, wakati wa kelele za filamu mpya, mzee mmoja wa Chicago akajitokeza magazetini akidai kwamba yeye ndiye aliyekuwa ndani ya vazi hilo. Wapo walioamini. Mtu anayetaka kumjibu yule mzee ana ushahidi mmoja usiopingika, nao ni yale manyoya yanayovurugika: mtu ndani ya vazi hawezi kutikisika namna ile.

Mwaka 1976, kwa upande mwingine, mtu alikuwamo kweli. Rick Baker alivaa vazi alilosaidia kulitengeneza, ingawa matangazo yalipigia debe mtambo wa futi 40 uliogharimu mamilioni na kuonekana kwa sekunde chache tu. Kwa hiyo shujaa aliyedandia helikopta Temeke alikuwa binadamu mwenye jasho. Sikujua. Wala nisingejali.

Kuhusu nani hasa aliyeitunga hadithi, vitabu havipatani, na hapa nina upande wangu. Edgar Wallace alikuwa Mwingereza aliyetoa riwaya kama mama ntilie anavyotoa chapati. Mwaka 1907 alitumwa Kongo na gazeti la London kuandika juu ya ukatili wa utawala wa Mfalme Leopold wa Ubelgiji, na baadaye akapata umaarufu kwa hadithi za afisa mkoloni wa Afrika Magharibi ambazo leo zinasomeka kwa taabu. Mwishoni mwa 1931 akaenda Hollywood. Januari 1932 akaandika rasimu ya kwanza ya hadithi ya sokwe. Tarehe 10 Februari alikuwa maiti, nimonia juu ya kisukari. Barua alizokuwa akimwandikia mkewe zilichapishwa kama shajara mwaka huo huo, na humo anaonekana mchangamfu, mwenye madeni, na mwenye hakika kwamba filamu itakuwa kubwa. Cooper alikuja kusema miaka mingi baadaye kwamba Wallace hakuandika hata neno moja lililotumika. Rasimu ya marehemu ipo, na inamsuta. Lakini pia ni kweli kwamba roho ya mazungumzo tunayoyasikia ilitoka kwa mtu asiyetajwa sana, Ruth Rose, mke wa Ernest Schoedsack aliyeongoza filamu hii pamoja na Cooper. Hakuwa ameshawahi kuandika hati ya filamu. Alikutana na mumewe kwenye safari ya utafiti baharini, akajua ilivyo kuwa mwanamke kwenye meli iliyojaa wanaume wenye mipango. Aliwachukua wale wawili akawaweka kwenye karatasi: Denham, mtengeneza filamu mwenye kiherehere, ni Cooper, baharia Driscoll ni mume wake. Wakacheka, wakakubali. Na mwisho wa filamu wale wanaoonekana ndani ya ndege inayomuua Kong ni Cooper na Schoedsack wenyewe, kwa wazo la Cooper kwamba kama ni kumuua mnyama huyu, basi tumuue sisi.

Cooper hakuwa anaigiza urubani. Ndege yake iliangushwa mwaka 1918 katika Vita Kuu, akaenda kupigana upande wa Poland dhidi ya Warusi, akaangushwa tena, akafungwa, akatoroka. Mark Cotta Vaz aliandika maisha yake mwaka 2005 na kitabu kinasomeka kama uongo, ingawa si uongo. Katika kitabu hicho ndimo nilimokutana na kitu kilichonisimamisha.

Cooper alipokuwa na miaka sita, alipata kitabu cha Paul du Chaillu, msafiri aliyezunguka misitu ya Gabon na kuchapisha habari zake mwaka 1861. Wazungu walikuwa hawamjui sokwe mkubwa. Maelezo ya kwanza ya kisayansi yalikuwa ya 1847 tu, kutokana na mafuvu. Du Chaillu akawaletea jitu linalonguruma, linalojipiga kifua, nusu mtu nusu mnyama, kiumbe cha ndoto mbaya. Pia akasimulia hadithi alizozisikia vijijini, za gorila aliyembeba mwanamke na kutokomea naye porini. Mtoto wa miaka sita akasoma. Miaka 33 baadaye akamweka mwanamke mkononi mwa gorila na kuwapandisha wote juu ya Empire State, jengo refu kuliko yote duniani wakati huo.

Ila du Chaillu, katika kitabu hicho hicho, kurasa za mbele, anasema ana wajibu usiompendeza wa kukanusha hadithi nyingi tamu. Gorila hamvizii mpita njia juu ya mti. Hampigi tembo kwa fimbo wala hajengi nyumba. Na habari za kuteka wanawake vijijini si za kweli. Ameyaandika wazi. Mtoto akabaki na ya kwanza.

Nilipofika hapo niliweka kitabu chini nikacheka peke yangu, maana nilimwona mtafsiri wetu gizani.

Huku kwetu mambo yalikuwa na mkondo wake. Livingstone, akiwa amekwama Manyema, mashariki ya Kongo, miaka ya 1870, aliandika kwenye shajara yake juu ya mnyama aliyeitwa "soko", akieleza jinsi wanavyomwinda kwa nyavu na jinsi anavyong'ata vidole vya mwindaji. Alimdhania gorila, inaelekea alikuwa sokwe mtu tu. Neno hilo na sokwe wetu bila shaka ni ndugu. Kisha Oktoba 1902 afisa wa Kijerumani, Robert von Beringe, akipanda Sabyinyo katika kilichokuwa Afrika Mashariki ya Kijerumani, aliwapiga risasi masokwe wawili. Mlima huo leo ndio mahali ambapo Rwanda, Uganda na Kongo zinakutana. Mwaka uliofuata gorila wa milimani akapewa jina la kitaalamu lenye jina la aliyemuua. Mimi huona huo ni utaratibu wa ajabu, lakini sayansi ina mila zake kama sisi tulivyo na zetu.

Mwaka 1921 akaja Carl Akeley wa makumbusho ya New York, akaua watano kwa ajili ya maonyesho, na hapo ndipo moyo ulipomgeuka. Aliandika kwamba mnyama huyu ni mpole, humwacha mtu apite zake asipochokozwa, akawashawishi Wabelgiji hadi mwaka 1925 ikaanzishwa mbuga ambayo sasa ni Virunga, hifadhi ya taifa ya kwanza barani Afrika. Akafa mwaka uliofuata kwenye mteremko wa Mikeno, akazikwa huko huko. Kitabu chake kilitoka 1923, miaka kumi kabla ya filamu. Kilikuwa kinauzwa Marekani, kwa Kiingereza, katika miji ile ile. George Schaller akaja kuishi na masokwe hao 1959, Dian Fossey akapiga kambi 1967, na wote wawili waliandika walichokiona: mlaji wa majani, baba wa familia, mwenye haya. Unaweza kuvipanga vitabu hivi vyote juu ya meza, ukaweka na tangazo moja la Kong pembeni, ukamwita mtoto yeyote achague. Tunajua atachagua nini. Ningekuwa mimi ningechagua lile tangazo.

Nusu nyingine ya Kong ilitoka mbali na Afrika. Douglas Burden, rafiki wa Cooper, alikwenda Komodo mwaka 1926 akarudi New York na mijusi wawili wakubwa wakiwa hai. Wakawekwa kwenye bustani ya wanyama ya Bronx, watu wakamiminika, na mijusi wakafa haraka. Mnyama mkuu wa kisiwani anayeletwa mjini na kuuawa na mji: Cooper hakuhitaji kwenda mbali zaidi ya hapo.

Bustani hiyo hiyo ya Bronx, Septemba 1906, ilikuwa imemweka Ota Benga, kijana kutoka Kongo, kwenye jengo la nyani pamoja na orangutani, watu walipe nauli kuja kumtazama. Wachungaji weusi wa New York walipinga hadi akatolewa. Mwaka 1916 alijiua huko Virginia. Pamela Newkirk ameandika kisa chake vizuri mwaka 2015. Sisemi kwamba Cooper alimfikiria Ota Benga. Nasema mji uliomtazama Kong akiwa na minyororo jukwaani mwaka 1933 ulikuwa na watu wenye umri wa kukumbuka.

Ndiyo maana siwapuuzi wanaoandika juu ya rangi katika filamu hii, hata kama Cooper alikataa hadi kifo chake kwamba kuna maana yoyote iliyojificha. Mshairi X. J. Kennedy, katika makala ya 1960 kwenye jarida la Dissent, alieleza kwamba rafiki yake mweusi wa Atlanta alimwambia jinsi Kong alivyokuwa akijaza kumbi za sinema za mitaa ya watu weusi kusini mwa Marekani. Kennedy hakudai kujua kila kinachopita kichwani mwa mtazamaji, ila aliona kwamba ukiwa umefungwa minyororo huwezi kushindwa kumtambua aliyefungwa. Ni makala fupi, yenye mzaha, na inashinda vitabu vinne ninavyovifahamu. Fatimah Tobing Rony, mtafiti mwenye asili ya Sumatra, mwaka 1996 aliandika sura nzima akiitazama filamu kutoka upande ambao hakuna aliyewahi kuuliza: upande wa wale wenyeji wanaocheza ngoma. Kisiwa cha Kong kinawekwa magharibi ya Sumatra, na nahodha wa meli anasema lugha yao inafanana na ya watu wa kisiwa cha Nias. Wengi wa walioigiza walikuwa Wamarekani weusi. Mkuu wao ni Noble Johnson, na huyu ni mtu wa kumsimamia: mwaka 1916 yeye na wenzake walianzisha Lincoln, mojawapo ya kampuni za kwanza za filamu zilizomilikiwa na watu weusi Marekani. Baada ya hapo maisha yakampeleka kwenye kuvaa manyoya na kufoka lugha ya kubuni mbele ya ukuta wa bandia. Bado nakitafuta kitabu kizima juu yake chenye uzito unaomstahili.

Lugha hiyo ya kubuni ina neno ambalo Mswahili hawezi kulisikia bila kukaa vizuri. Nahodha anamwambia mkuu "Bala! Bala!", akimaanisha kwamba sisi ni marafiki. Nilipoitazama mara ya kwanza na jamaa zangu, chumba kizima kilisema kwa pamoja: balaa gani tena? Na kweli, kilichofuata kilikuwa balaa.

Kichekesho kingine kipo mwanzoni kabisa. Filamu inafunguka na maandishi yanayoitwa methali ya kale ya Waarabu, inayoanza kwa kusema kwamba Mtume alisema, kisha ikaeleza jinsi mnyama alivyoutazama uso wa uzuri, akauzuia mkono wake usiue, na tangu siku hiyo akawa kama mfu. Nilimpelekea maalim wangu wa zamani wa madrasa, mzee anayejua methali za Kiarabu kuliko majina ya wajukuu zake.

"Shikamoo maalim. Hii umepata kuisikia?"

"Marahaba. Nisomee tena." Nikamsomea. Akafikiri. "Mtume yupi huyo, mwanangu?"

Ni Cooper. Aliitunga mwenyewe, akaipa uzee na Uarabu ili ipate heshima.

Wavivu wa kusoma vitabu wajue kwamba kitabu cha Lovelace kiliwahi kuamua kesi ya mamilioni. Hakimiliki yake haikuhuishwa, na miaka ya 1970 Universal, kampuni ya filamu, walipotaka kutengeneza Kong wao walikwenda mahakamani wakaonyesha kwamba hadithi ile ni mali ya umma. Wakakubaliwa. Miaka michache baadaye Universal hao hao wakawashtaki Nintendo kwamba mchezo wao wa video wa Donkey Kong umeiba sokwe wao. Mwanasheria wa Nintendo, John Kirby, akawakumbusha walichokisema wenyewe. Nintendo wakashinda, na mhusika wa mchezo wao mwingine, kale kamviringo ka waridi, akapewa jina la Kirby. Kile kitabu changu cha Posta, basi, hakina mwenyewe. Nimekipiga chapa nakala tatu kwa ajili ya wapwa zangu na roho haijanisuta.

Fay Wray, aliyeigiza yule msichana wa mkononi mwa Kong, ndiye niliyemwacha mwisho, kwa sababu kitabu chake cha 1989 ndicho ninachokirudia nikiwa sina usingizi. Cooper alimwahidi kwamba ataigiza na nyota mrefu kuliko wote na mweusi kuliko wote Hollywood, naye akadhani ni mmoja wa wale vijana watanashati wa wakati huo. Akaonyeshwa michoro ya sokwe. Walimvalisha nywele za bandia za rangi ya dhahabu, wakamweka kwenye mkono wa chuma wenye manyoya, na kadiri alivyopapatika ndivyo vidole vilivyolegea, ikabidi aigize hofu huku akikishikilia kidole gumba asianguke. Mayowe yake yote aliyarekodi kwa mkupuo mmoja studioni, bila sokwe wala jengo. Anaandika juu ya Kong kama mtu anavyoandika juu ya mchumba wa zamani ambaye familia haikumkubali. Alipofariki Agosti 2004 akiwa na miaka 96, taa za Empire State zilipunguzwa kwa dakika 15.

Mwezi uliopita kaka alinipigia simu ya video. Binti yake wa miaka saba ameona picha ya Kong kwenye fulana ya mtu na sasa hampi baba yake usingizi. Nikasikia anavutwa mkono, kisha uso mdogo ukajaza kioo.

"Baba mdogo, shikamoo. Baba amesema Kong hakufa. Kweli?"

Vitabu vyote vilikuwa nyuma yangu kwenye rafu. Nikamuuliza baba yake amemwambia ilikuwaje.

"Alipanda helikopta akarudi kwao."

"Helikopta ya namna gani?"

"Nyekundu," akasema. "Na rubani alikuwa mwanamke."

Hayo mawili mtafsiri wetu hakuyasema.